Upande wa Mashariki wa Ramani

Nilikuwa na umri wa miaka 11 rafiki yangu alipofariki, na katika msiba wote ule hakuna mtu aliyenipa pole. Silalamiki. Pole hupewa mfiwa, na mfiwa ni mama, ni baba, ni ndugu, ni shangazi aliyesafiri usiku kucha ili ayawahi mazishi. Rafiki wa darasani hahesabiwi. Nilisimama pembeni pamoja na watoto wenzangu, tukiwa na sare za shule, tukawatazama watu wazima wakishikana mikono na kuambiana maneno ambayo nami nilikuwa nikiyahitaji, kisha tukarudishwa darasani kuendelea na desimali. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba mtaalamu mmoja wa Marekani wa masuala ya kufiwa, Kenneth Doka, aliipa hali hiyo jina katika kitabu alichokihariri mwaka 1989: ni huzuni isiyotambuliwa, yaani majonzi ya mtu ambaye jamii haimwoni kuwa ana haki ya kuomboleza. Nilipolisoma jina hilo nilikuwa kama mgonjwa aliyezoea kuambiwa kwamba hana kitu, halafu siku moja akaonyeshwa ugonjwa wake umeandikwa kitabuni.

Ninaandika hadithi za watoto na vijana, hasa zile za fantasia, zenye nchi za kubuni na viumbe wasiokuwapo, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba niliichagua kazi hii kwa kupenda vitabu. Sasa najua kwamba chanzo chake ni ramani. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na nchi yetu, tuliyoichora katika karatasi ya katikati ya daftari la hesabu, ile ambayo ukiichomoa kwa uangalifu pini hazilegei na mwalimu hajui. Mto ulipita katikati. Magharibi ya mto palikuwa pangu, nami nilichora kwa penseli ya buluu. Mashariki palikuwa pake, naye alichora kwa nyekundu. Sheria ya nchi ile ilikuwa moja tu: ni marufuku kumuuliza mwenzako upande wake una nini mpaka auchore mwenyewe. Mimi nilikuwa na pupa, kwa hiyo magharibi palijaa milima, magereza na mazimwi kabla mwezi haujaisha. Yeye alikuwa mtu wa taratibu. Alikuwa amechora bandari moja, mnara mmoja, na njia iliyotoka mnarani kuelekea mahali ambapo hakuwa amepafikia bado.

Ijumaa moja penseli yangu ilivunjika, akaniazima yake nimalizie kazi ya nyumbani. "Utanipa Jumatatu," alisema. Jumamosi akaugua ghafla, na Jumatatu hapakuwa na mtu wa kumpa.

Juma lililofuata mwalimu alikuwa akigawa madaftari aliyokwisha kuyasahihisha, akilisoma jina moja baada ya jingine kutoka juu ya rundo. Alilifikia lake. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka na herufi ya kwanza imekwisha kutoka. Akanyamaza, akalifunika jalada kwa kiganja kana kwamba lina upepo wa kulipeperusha, akalipeleka chini kabisa ya rundo. Lakini rundo hupungua. Alipomaliza kugawa, daftari lile moja lilibaki peke yake juu ya meza, na sote tulilitazama mpaka kengele ikalia.

Kuna jambo jingine la muhula ule ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa zaidi ya miaka 20. Sisi wawili tulikuwa tukipokezana nafasi ya kwanza darasani, na mara nyingi zaidi ilikuwa yake. Matokeo yalipotoka nikawa wa kwanza kwa tofauti kubwa ya alama, na kwa kitambo kidogo, kabla kumbukumbu haijanifikia, nilifurahi. Halafu nikakumbuka kwa nini. Tangu siku hiyo nilijichukulia kuwa mtoto mwenye uovu fulani ambao haukuwa umegunduliwa tu.

Watu wazima, kwa upande wao, walituhifadhi kwa maneno. Kiswahili kina adabu kubwa mbele ya mauti: tunasema fulani ametutoka, ametangulia, amelala, hatunaye tena, na neno lenyewe tunalizunguka kama shimo njiani. Kwa mtu mzima adabu hiyo ni stara, kwa sababu anajua kilicho nyuma ya pazia. Ndugu yangu mdogo alikuwa na miaka 5, na alipoambiwa kwamba rafiki yangu amelala alitafakari, kisha akauliza kama atakapoamka kutakuwa na mtu wa kumwonyesha njia ya kurudi. Wanaochunguza makuzi ya watoto wanaeleza kwamba wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7 kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake hauoni baridi wala njaa, na kwamba jambo hilo humpata kila aliye hai. Ndugu yangu alikuwa mlangoni hasa mwa ufahamu huo, nasi tukamfungia mlango kwa upole. Kwa miezi kadhaa alikataa kulala mchana. Nikiyatazama sasa kwa jicho la mwandishi, naona kwamba maneno yale yalikuwa hadithi ya fantasia isiyo na kanuni: watu hulala na hawaamki, hakuna anayesema kwa nini, na wewe pia jioni utaambiwa ukalale.

Nilikuwa na miaka 13 nilipokutana maktabani na kitabu cha Katherine Paterson, Bridge to Terabithia, kilichotoka mwaka 1977. Wanaoainisha fasihi kwa ukali watasema kwamba hicho si fantasia, maana ufalme wake uko vichwani mwa watoto wawili na hakuna uchawi wowote unaofanya kazi. Wana haki yao, lakini mimi niliyekuwa na ramani kwenye begi sikuihitaji tofauti hiyo. Msichana anakufa maji wakati rafiki yake yuko safarini kwa siku moja, na mvulana anarudi nyumbani kuambiwa. Ninachokumbuka zaidi si kifo chenyewe. Ni kwamba katikati ya msiba mvulana yule anawaza kwamba yeye ndiye mtoto pekee anayemjua ambaye rafiki yake mkubwa amekufa, na kwamba hilo linampa umuhimu fulani. Anawaza jinsi wenzake shuleni watakavyomtazama. Nilikifunga kitabu. Nilitazama kushoto na kulia kama mtu aliyesikia siri yake ikitajwa hadharani. Kumbe mtoto mwema, anayempenda rafiki yake kwa dhati, anaweza kuwa na wazo la aibu kama lile langu, na likaandikwa, likachapishwa, na asiadhibiwe na mtu. Baadaye sana nilijua kwamba Paterson alikiandika kitabu kile baada ya rafiki wa mwanawe, mtoto wa miaka 8, kuuawa na radi mwaka 1974. Alikuwa amemtazama kwa karibu mtoto anayemlilia rafiki. Nadhani ndiyo sababu hakumpamba.

Ungetarajia kwamba mtu aliyeyapata hayo akiwa na miaka 13 angejua la kufanya siku atakapoandika mwenyewe. Sikujua. Mswada wangu wa kwanza wenye uzito ulihusu mvulana ambaye rafiki yake amekufa, naye anagundua kwamba chini ya ziwa kuna nchi ya wafu na kwamba mlango wake hufunguka kwa mtu mwenye upendo usioyumba. Anateremka, anapita majaribu kadhaa, na mwishoni anapanda naye juu, wote wawili wakiwa wamelowa na kucheka. Niliuandika mwisho ule nikilia. Mhariri wa kwanza aliyeusoma aliupenda, ila alipendekeza niongeze nchi tano ndogo njiani, moja ya kukataa, moja ya hasira, moja ya kujadiliana bei, moja ya unyonge na moja ya kukubali, ili hadithi "ifuate hatua". Hilo nililikataa, na si kwa ujuzi mwingi. Nilijua tu kwamba hatua zile tano za daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross, alizozitangaza mwaka 1969, zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, na sikuona jinsi mtoto aliyeachwa na rafiki angepangiwa ratiba ya mtu anayeondoka. Nilijisifu kwa ushupavu huo. Kosa kubwa zaidi, lile la kupanda juu wakicheka, halikunijia akilini wala mhariri hakuliona.

Aliyeliona alikuwa msichana wa miaka 12 hivi. Nilikuwa nikikisomea mswada ule kikundi cha watoto maktabani, sura mbili kila juma, na siku ya sura ya mwisho wengi walipiga makofi wakaenda zao. Yeye alibaki akikunja na kukunjua ukingo wa begi lake. Aliniuliza mvulana yule alijuaje mahali mlango ulipo. Nilianza kumweleza habari za kubuni hadithi, akanikatiza kwa heshima: "Mwalimu, hiyo nimeelewa. Nauliza, kama hakwenda, je? Kama alikuwa nyumbani tu, analia, hakutafuta mlango. Ina maana hakumpenda sana?" Nilimuuliza kama kuna mtu aliyempoteza. Akasema rafiki yake, mwaka uliopita. Kisha akaongeza, bila machozi, kama mtu anayetoa taarifa: "Mimi sikutafuta."

Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwambia kwamba hakuna mlango, kwamba mlango ule niliutunga mimi, na kwamba yeye hakukosa lolote. Akaitikia kwa kichwa kama watoto wanavyoitikia wanapotaka kumpumzisha mtu mzima. Usiku nikaufungua mswada nikausoma kwa masikio yake. Kila ukurasa ulisema jambo lile lile: wafu hurudi kwa wale wanaopenda vya kutosha. Kwa mtoto ambaye hajafiwa, huo ni utamu. Kwa aliyefiwa, ni hati ya mashtaka. Watoto tayari wana mwelekeo wa kudhani kwamba yatokeayo yametokana na mawazo yao, kwamba hasira ya asubuhi ndiyo iliyoleta msiba wa jioni. Nami nilikuwa nimeichukua dhana hiyo, nikaipa ziwa, mlango na makofi.

Nikarudi kuwasoma wengine, safari hii nikitafuta kitu kimoja tu: mauti yanafanywa nini ndani ya nchi yenye uchawi. Sehemu kubwa ya nilichokipata kilinikera. Kuna desturi katika fantasia ya kumuua rafiki ukurasa wa 90 ili shujaa akasirike ukurasa wa 91. Marehemu hapewi hata usiku mmoja wa kuombolezwa, na upanga wa kulipiza kisasi unakuwa umekwisha kunolewa. Mimi huyaita hayo matumizi ya kifo kama kuni. Astrid Lindgren yuko mbali kabisa na hayo, na kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu ndugu wawili wanaokutana katika nchi iliyo ng'ambo ya kifo ni kizuri kwa kiwango kinachoumiza, lakini nakiri kwamba mwisho wake hunipa wasiwasi, na mtoto aliyefiwa karibuni nisingemwachia akisome peke yake usiku. Ningekaa naye.

Kilichonikalisha chini kilikuwa A Monster Calls. Wazo lake lilikuwa la Siobhan Dowd, mwandishi aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla hajaliandika. Patrick Ness akalipokea, Jim Kay akachora, kikatoka mwaka 2011, na mwaka uliofuata kikatwaa medali mbili kubwa za vitabu vya watoto nchini Uingereza, ya uandishi na ya uchoraji, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa kitabu kimoja. Kitabu kilichorithiwa kutoka kwa marehemu, kuhusu mvulana ambaye mama yake anaumwa saratani: ungesema hapo muujiza utatokea, maana jitu lililotokana na mti mkubwa wa makaburini linamjia mvulana usiku, na jitu lenye nguvu hivyo halishindwi kitu. Lakini jitu halikuja kumponya mama. Limekuja kumsimulia mvulana hadithi tatu na kumdai ya nne, ambayo ni siri yake: kwamba amechoka kungoja, na kwamba sehemu moja ya nafsi yake inataka yote yaishe, hata kama kuisha kwake ndiko kumpoteza mama. Jitu linamsikiliza. Halimwadhibu. Mama anafariki. Hapo nikaona kilichokosekana kwangu. Uchawi katika kitabu kile ni mkubwa kupindukia, na bado haugusi kitu kimoja. Nguvu zake zote zimeelekezwa kwa mtoto aliyebaki. Nami nikaikumbuka nafasi ya kwanza darasani, na jinsi ambavyo jitu la aina hiyo lingenifaa.

Kipo kitabu kinachonipinga, na si haki kukipita. C. S. Lewis alifiwa na mama yake mwaka 1908, akiwa na miaka 9, na mwaka 1955 akachapisha hadithi ambamo mvulana mwenye mama mahututi anarudi nyumbani na tunda kutoka ulimwengu mwingine, mama analila, anapona. Kwa kipimo changu hilo ni kosa lile lile la ziwani. Nimeligeuza mara nyingi, na ninachoweza kusema ni kwamba mvulana yule anapewa tunda baada ya kukataa kuliiba, wakati amekwisha kuamini kwamba kwa kukataa kwake mama atakufa. Tunda si mshahara wa upendo wake bali ni zawadi ambayo hakuwa tena akiitarajia. Inawezekana pia kwamba mzee wa miaka zaidi ya 50 alikuwa akimwandikia mtoto mmoja tu wa mwaka 1908, na barua ya namna hiyo huwezi kuihariri. Michael Ende alichukua njia nyingine mwaka 1979: mtoto wake aliyefiwa na mama anaingia katika nchi ambamo kila tamaa inayotimizwa inamgharimu kumbukumbu moja, na kinachopona mwishoni ni ukimya uliokuwa kati yake na baba yake. Bei ile ya kumbukumbu niliionea wivu wa kitaaluma.

Lakini kuhusu urafiki, picha iliyonishika zaidi ni ya J. K. Rowling, katika kitabu chake cha mwaka 2003: farasi wembamba weusi wenye mabawa ambao wamekuwa wakiyavuta magari ya shule miaka yote, na ambao huonekana tu kwa mtu aliyeshuhudia kifo. Mvulana anayewaona kwa mara ya kwanza anadhani amerukwa na akili, kwa kuwa rafiki zake wapenzi walio kando yake hawaoni kitu. Anayemtuliza ni msichana ambaye hana ukaribu naye, aliyefiwa na mama yake: naye huwaona, amekuwa akiwaona tangu siku ya kwanza. Hakuna zaidi ya hapo. Hamwambii kwamba yatapita, wala kwamba kuna funzo.

Nilipousoma ukurasa huo nilimkumbuka mvulana mmoja wa darasani kwetu ambaye sikuwa nimemfikiria kwa miaka mingi. Baada ya msiba hakuna aliyekaa upande wa pili wa dawati langu. Wakati wa mapumziko nilibaki darasani, na siku moja akaja yeye, ambaye mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla na ambaye nami, nasikitika kusema, sikuwa nimempa pole. Alisimama mbele ya nafasi ile tupu. "Hapa pana mtu?" aliuliza. Nikasema, "Ndiyo." Watoto wengine wangecheka au wangesema hapana mtu hapo. Yeye akaitikia, akakaa chini, sakafuni, akauegemeza mgongo kwenye mguu wa dawati, akala alichokuwa nacho mpaka kengele ikalia. Alifanya hivyo siku nyingi. Sikumbuki mazungumzo yetu, na sidhani yalikuwapo ya kukumbukwa. Siku moja nilimwonyesha ramani, akaitazama kwa muda mrefu bila kuuliza kwa nini mashariki ni kweupe.

Nikauanza mswada upya. Kwanza niliweka sheria na kuiandika kwenye karatasi juu ya meza: aliyekufa harudi, na hakuna mhusika atakayesema kwamba angeweza kurudi kama fulani angefanya hivi au vile. Sheria hiyo ilivunja sura saba. Ziwa lilibaki, mtumbwi ukabaki, lakini mvulana hakuwa tena na sababu ya kwenda, na kwa majuma mengi aliketi ufukweni bila kazi huku nami nimekwama pamoja naye. Nilikuwa natafuta kalamu kwenye droo nilipoiona penseli nyekundu. Nilikuwa nimehama nayo nyumba baada ya nyumba, haijachongwa tangu Ijumaa ile. Basi mvulana akapata safari yake. Katika mswada wa kwanza alikwenda kumchukua rafiki. Katika wa pili anakwenda kumrudishia filimbi aliyomwazima.

Huwezi kuamini jinsi kitenzi kimoja kinavyobadilisha kitabu. Mtu anayekwenda kuchukua ana hasira na haraka, na kila anayekutana naye ni kizuizi. Mtu anayekwenda kurudisha ana aibu kidogo, ana adabu, na anaweza kusimama njiani. Mvulana wangu akaanza kucheza tena na watoto wa kijiji cha kando ya ziwa. Siku nzima anasahau, kisha jioni filimbi inamchoma mfukoni. Mhariri, ambaye sasa alikuwa mwingine, aliandika pambizoni: "Huzuni imekwenda wapi hapa?" Nilimjibu kwamba ndivyo watoto wanavyoomboleza, kwa vipande, wakiingia na kutoka, na kwamba hata kuhusu watu wazima watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kuukabili msiba na kuyakabili maisha. Sura zile zikabaki. Na mvulana akapata mwenzake wa safari, mtoto asiyesema sana, ambaye anapoingia mtumbwini anauliza kama kiti cha mbele kina mtu, na anapojibiwa kwamba kina mtu anakaa sakafuni, kwenye maji ya kina cha vidole viwili, ziwa zima.

Ng'ambo hakuna rafiki. Kuna bibi mzee anayelinda ufuko, naye anakataa kuipokea filimbi. Anasema amekwisha kuletewa visu, vitana, viatu na sarafu na watu wengi wenye nia njema, na kwamba ghala lile halikujengwa: kilichoazimwa na aliyekufa hakirudishwi kwa sababu hakuna mkono wa kukipokea. Mvulana anakasirika sana. Hapo nilimwacha akasirike kurasa nne kamili, na hakuna mtu anayemtuliza. Wanarudi na filimbi yao, na kitabu kinaisha wakiwa bado majini.

Nilikipeleka kwenye kikundi kile kile. Baadhi ya watoto hawakupenda. Mmoja alisema wazi kwamba mwisho wa zamani ulikuwa bora na kwamba nimeharibu. Msichana wangu, aliyekuwa amerefuka kwa kiasi cha kunishangaza, alisikiliza mpaka mwisho na safari hii hakuwa na swali. Nilipokuwa nikikusanya karatasi zangu alipita mezani, akasema kama anayesahihisha kosa dogo la tahajia: "Lakini hajaipuliza. Kitabu chote, hajaipuliza hata mara moja. Angeipuliza tu, si anayo?"

Sikubadilisha kitu kitabuni. Nilikuwa nimeandika kurasa zaidi ya 200 bila kuliona jambo hilo, nikaona ni vyema libaki hivyo na wasomaji wengine waligundue, wakasirike nalo. Ila jioni ile niliikunjua ramani, ambayo mikunjo yake imekuwa laini kama kitambaa na imeanza kutoboka pale mto unapopinda, nikatafuta kichongeo. Penseli iliyokaa miaka mingi ikiangushwaangushwa huwa imevunjika risasi ndani bila kuonekana kwa nje: nilichonga, ncha ikadondoka, nikachonga tena, ikadondoka, theluthi ya penseli ilikuwa imekwisha kuwa maganda mezani kabla ncha haijashika. Mashariki sikugusa. Sheria ni sheria, na hakuwahi kuniambia njia ile ilikuwa ikielekea wapi. Nilichora upande wangu, magharibi, kwenye ukingo wa mto mkabala na bandari yake, gati dogo lenye taa, kwa rangi nyekundu.